Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimfukuzi mgeni. Inamheshimu, kwa maana inamhesabu kuwa mtu anayeweza kushiriki kazi na taabu za nyumba iliyompokea. Lakini nyakati zetu zimezaa mgeni ambaye wahenga hawakumfahamu. Huyu hushuka melini asubuhi, hutembea mjini, hula chakula cha mchana, hununua kitu cha ukumbusho, na kabla jua halijatua huwa amekwisha kurudi melini. Siku ya tatu haimkuti, na jembe halimfikii kamwe. Je, mgeni huyu hana wajibu wowote kwa mji uliomkaribisha?

Swali hili latuhusu. Meli za watalii hutia nanga Mombasa na Unguja, na sisi wenyewe, tunapokwenda hija au matembezi ya parokia, mara nyingi huwa wageni wa siku moja. Hata hivyo, napenda kwanza tutazame mji ulio mbali nasi, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wengi wa asili wa visiwa vinavyouzunguka ni uzao wa Waafrika waliopelekwa huko kwa minyororo. Pili, historia ya mji huo imeandikwa kwa majina na tarehe, hivyo twaweza kuyaona waziwazi mambo ambayo kwingine yamefunikwa.

Maoni yangu ni haya: mgeni wa siku moja hawezi kupewa jembe, lakini anadaiwa maswali matatu. Nani aliyeujenga uzuri huu ninaoutazama? Nani anayeusimulia, na nani anayelipwa kwa kuusimulia? Na ardhi hii ninayoikanyaga ni ya nani?

MJI WENYEWE

Mji wa Beaufort uko katika jimbo la South Carolina, kusini mashariki mwa Marekani, juu ya kisiwa cha Port Royal, kando ya mto wenye jina lile lile la mji. Mto huo hautoki milimani. Ni mkono wa bahari unaojaa na kupwa, ukipita kati ya vinamasi vya majani marefu. Mji ulianzishwa mwaka 1711, na katika jimbo hilo ni wa pili kwa ukongwe baada ya Charleston. Kwa miaka mingi meli ndogo za watalii, zenye abiria mia moja hivi, zimekuwa zikipita njia za maji kati ya Charleston na Florida, na Beaufort imekuwa mojawapo ya vituo vyake vya siku moja.

Mgeni anayeshuka hapo hupokewa na uzuri wa kweli. Kuna mialoni mikubwa ambayo matawi yake yamening'iniza mimea ya kijivu kama ndevu za wazee. Kuna nyumba za mbao nyeupe zenye baraza chini na baraza juu, zilizoelekezwa upande wa upepo wa bahari. Kuna magari ya farasi yanayozungusha watalii mitaani, na migahawa inayopika kamba waliovuliwa katika maji yale yale. Kuta na misingi ya kale ilijengwa kwa mchanganyiko wa mchanga, maji, makombe ya chaza, na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma makombe hayo. Mtu wa Lamu au Bagamoyo, aliyezoea chokaa ya matumbawe, angeutambua mara moja ufundi wa namna hiyo.

Uzuri huo si dhambi, na mgeni hatendi kosa kwa kuufurahia. Kosa huanza pale anapoutazama kana kwamba uliota wenyewe kama uyoga baada ya mvua.

NANI ALIYEUJENGA?

Beaufort ilitajirika kwa mpunga na nili, na baadaye kwa pamba ya visiwani, yenye nyuzi ndefu na laini, iliyopendwa sana na viwanda vya Uingereza. Mazao hayo yote yalilimwa na watumwa. Katika visiwa hivyo watumwa walikuwa wengi kuliko mabwana zao kwa mbali. Walitoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, na vilevile Kongo na Angola. Kwa kuishi pamoja visiwani, mbali na bara, walijiundia lugha na utamaduni wao, nao hujulikana mpaka leo kwa jina la Wagullah. Katika lugha yao yamo maneno ya Kibantu. Karanga, kwa mfano, huitwa kwa jina linalotokana na neno nguba la Kikongo. Wimbo wa Kumbaya, ambao vijana wetu huuimba katika makambi ya sala, ulirekodiwa mwaka 1926 katika pwani jirani ya Georgia, kutoka kwa watu wa jamii hiyo hiyo. Mwaka 2005 Agano Jipya lilichapishwa katika Kigullah. Hawa basi si wageni kwetu.

Tarehe 7 Novemba 1861, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, manowari za serikali kuu ziliingia ghuba ya Port Royal. Mabwana weupe wakakimbia, wakaacha nyumba, pamba, na watu wapatao 10,000 waliokuwa watumwa wao. Watu hao hawakungoja kuhurumiwa. Shule ya Penn ilianzishwa mwaka 1862 katika kisiwa cha St. Helena, nao wakajaa madarasani, watoto kwa wazee. Wanaume wakajiunga na jeshi. Tarehe 1 Januari 1863, chini ya mialoni ya shamba moja kando ya mto huo huo, tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa lilisomwa mbele ya maelfu ya watu, na watu wale wakaanza kuimba bila kuongozwa na yeyote. Mwezi Juni mwaka huo Harriet Tubman, aliyekuwa akifanya kazi Beaufort, alishiriki kuongoza mashua za kivita katika mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakakombolewa kwa usiku mmoja.

Mgeni anayezitazama baraza nyeupe bila kuyafahamu haya ameiona sebule tu. Uani hajafika.

NANI ANAYEUSIMULIA?

Tumchukue mtu mmoja awe mfano. Robert Smalls alizaliwa mwaka 1839 katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana wake, katika mtaa wa Prince mjini Beaufort. Alipokuwa kijana alipelekwa Charleston kufanya kazi za kibarua, na ujira wake ukawa unamwendea bwana. Alifajiri ya tarehe 13 Mei 1862, akiwa na umri wa miaka 23, aliiondoa bandarini meli ya kijeshi iitwayo Planter, wakati maofisa weupe wamelala nchi kavu. Alimpakia mke wake, watoto, na wenzake, jumla yao watu 16. Akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi za ishara kama ilivyotakiwa mbele ya kila ngome, akapita, na kuikabidhi meli kwa jeshi la serikali kuu.

Wakati vita vikiendelea, nyumba ile ya bwana wake ilinadiwa kwa sababu kodi haikulipwa, na Smalls akainunua. Wenye mali wa zamani walipodai haki mahakamani, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1878 kwamba nyumba ni ya Smalls. Alishiriki kuandika katiba ya jimbo ya mwaka 1868, iliyoweka shule za umma, akachaguliwa kuwa mbunge wa taifa mara tano. Mwaka 1895 jimbo liliandika katiba mpya iliyokusudia kuwanyima watu weusi kura kwa masharti ya kusoma na ya mali. Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe 6 weusi waliosimama kuipinga. Walishindwa. Alifariki mwaka 1915 na kuzikwa katika uwanja wa kanisa la Kibaptisti mjini humo.

Historia kama hii ingetosha kuufanya mji wowote ujivune. Lakini kwa muda mrefu masimulizi rasmi yalikaa barazani pamoja na mabwana: nani alijenga nyumba ipi, jenerali gani alilala chumba gani. Pendekezo la kuweka hifadhi ya taifa ya kukumbuka miaka ile ya baada ya utumwa, lililotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilipingwa na halikupita. Ilikuwa Januari 2017 ndipo Rais Barack Obama alipoitangaza hifadhi hiyo, zaidi ya miaka 150 baada ya kusomwa kwa tangazo la uhuru.

Hapa ndipo wajibu wa mgeni unapoonekana. Saa zake ni chache na fedha zake zina nguvu. Akimlipa mwongozaji anayesimulia sebule peke yake, sebule itaendelea kusimuliwa. Akivuka daraja kwenda St. Helena, safari ya kilometa kumi hivi, akaitembelea Shule ya Penn ya zamani, ambako Martin Luther King na wenzake walikutana mara kadhaa katika miaka ya 1960 kupanga mapambano yasiyo ya kutumia silaha, atakuwa ameitumia siku yake kwa haki. Akinunua kikapu cha nyasi kwa mama wa Kigullah aliyekisuka, badala ya kuokota dukani kikapu kilichotoka kiwandani, ujira utamfikia mfanyakazi. Maandiko Matakatifu yanauhesabu ujira uliozuiliwa kuwa kilio kinachofika masikioni mwa Mungu, na ujira wa anayehifadhi kumbukumbu ya watu wake ni ujira kama mwingine.

ARDHI NI YA NANI?

Swali la tatu ndilo zito kupita yote. Wakati wa vita, mashamba ya mabwana waliokimbia yalinadiwa kwa ajili ya kodi. Mengi yalichukuliwa na serikali na watu wa kaskazini wenye fedha. Edward Philbrick wa Boston peke yake alinunua mashamba 11 kwa niaba ya wenzake. Lakini baadhi ya watu waliotoka utumwani walichanga senti zao, wakanunua vipande na kupewa hati. Kisha, Januari 1865, Jenerali Sherman akatoa amri kwamba ukanda wa pwani kutoka Charleston hadi Florida ugawiwe familia za walioachwa huru, kila moja ipate hadi ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamuru sehemu kubwa ya ardhi hiyo irudishwe kwa mabwana wa zamani.

Tuzingatie tofauti hiyo. Waliopewa ahadi walinyang'anywa. Walionunua na kupata hati walibaki, na ndiyo sababu moja kubwa iliyowafanya Wagullah wa St. Helena waendelee kukaa juu ya ardhi yao. Ahadi ya mkubwa ni upepo. Hati ni mzizi.

Hata mzizi huo uliliwa baadaye. Wazee wengi walifariki bila kuandika wosia, kwa kuwa hawakuziamini mahakama za weupe au hawakuweza kumlipa mwanasheria. Ardhi ikawa mali ya wazao wote kwa pamoja, pengine makumi ya watu waliotawanyika miji ya mbali. Kwa sheria, aliyenunua fungu la mrithi mmoja tu aliweza kwenda mahakamani na kuomba shamba zima liuzwe kwa mnada. Daraja lilipofika kisiwa jirani cha Hilton Head mwaka 1956, hoteli na viwanja vya gofu vilifuata, bei ya ardhi ikapanda, kodi ikapanda nayo, na familia nyingi za Kigullah zikapoteza mashamba. Mitaa mipya ikazungushiwa uzio na malango yenye walinzi. Ndani ya uzio huo yamebaki baadhi ya makaburi ya wazee wao, na mtu anayekwenda kumwombea babu yake hupaswa kwanza kujieleza getini. Mitaa kadhaa ya namna hiyo imejiita hata kwa neno lile lile la Kiingereza lililomaanisha shamba la watumwa.

Nani asiyemkumbuka Nabothi hapa? Mfalme Ahabu hakutaka shamba la mizabibu kwa sababu ya njaa. Alilitaka kwa sababu lilikuwa karibu na jumba lake na lilimpendeza macho.

Lakini watu hawakulala. Mwaka 1999 wilaya ya Beaufort iliweka kanuni ya kuilinda St. Helena isijengwe viwanja vya gofu, hoteli za kitalii, wala mitaa ya malango. Na mwaka 2023, tajiri mmoja alipotaka kanuni hiyo ilegezwe kwa ajili yake, wakazi walijaa vikaoni na baraza la wilaya likakataa. Mwaka 2016 jimbo lilipitisha sheria inayowapa warithi wenzake nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu linalogombaniwa kabla shamba halijauzwa. Sheria hiyo ina jina la Clementa Pinckney, mchungaji na seneta, aliyeuawa pamoja na waamini 8 ndani ya kanisa lake huko Charleston tarehe 17 Juni 2015.

WAPO WASEMAO

Wapo wasemao kwamba utalii huleta ajira, na kwamba mgeni akisumbuliwa na habari za utumwa hatarudi tena. Hoja ya ajira ni ya kweli na isidharauliwe. Mpishi, dereva na mwuza vikapu wana watoto wa kusomesha. Lakini ajira ya kufagia ua uliokuwa wa babu yako si malipo ya ua wenyewe. Papa Paulo wa Sita alifundisha katika waraka wa Populorum Progressio wa mwaka 1967 kwamba haki ya kumiliki mali binafsi haimpi mtu yeyote ruhusa isiyo na masharti. Maendeleo yanayompa mtu mshahara na kumnyang'anya makao hayajawa maendeleo ya mtu mzima.

Wapo pia wasemao kwamba siku moja haitoshi kujifunza lolote. Tarehe 22 Februari 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika kisiwani Gorée, nchini Senegal. Naye alikuwa mgeni wa muda mfupi tu. Lakini alikwenda katika nyumba ya watumwa, akaomba msamaha kwa dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ile. Muda mfupi ulitosha, kwa sababu alijua anakwenda kutazama nini.

NA SISI JE?

Ndugu waamini, na viongozi wa Halmashauri za Walei, tusilitazame jambo hili kama hadithi ya Marekani. Maparokia yetu hukodi mabasi kwenda Bagamoyo, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Huenda asubuhi na kurudi jioni. Tunapiga picha mbele ya msalaba na mnara wa kale, tunakula, tunaondoka. Je, tunauliza waliokombolewa walikuwa watu wa makabila gani, na wazao wao wako wapi? Tukifika Unguja, tunapoonyeshwa kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, je, tunakumbuka kwamba waliouzwa hapo ni mababu wa watu wa bara, yaani wa wengi wetu?

Na tunapokuwa wenyeji, tuulizane kuhusu ardhi. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inayotambua hakimiliki ya kimila na hati yake. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Sheria hizo hazimsaidii aliyeziacha katika vitabu. Mzee anayefariki bila wosia, mjane asiyetajwa katika hati, na ukoo unaotegemea kauli ya mkubwa bila karatasi, wote wako pale walipokuwa Wagullah kabla ya daraja la Hilton Head. Siku mwekezaji atakapoipenda fukwe, watakuwa wamechelewa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili ambayo kila parokia yaweza kuyatenda. Kwanza, safari yoyote ya hija itanguliwe na jioni moja ya mafundisho kuhusu historia ya mahali tuendapo, na sehemu ya fedha ya safari itengwe kumlipa mwongozaji mzaliwa na kununua chakula kwa wenyeji. Pili, kamati ya Haki na Amani ya parokia iite wanasheria na maofisa ardhi, angalau mara moja kwa mwaka, wawafundishe waamini kuandika wosia na kuomba hati, na majina ya wanawake yaandikwe humo bila kusahauliwa.

Mgeni wa siku moja hawezi kulima. Lakini aweza kuuliza aliyelima ni nani, na sisi tuweza kuhakikisha kwamba aliyelima bado yupo hapo kumjibu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Someni 1 Wafalme 21. Katika eneo letu, nani yuko katika nafasi ya Nabothi, na nani katika nafasi ya Ahabu?

2. Safari yetu ya mwisho ya hija ilimnufaisha nani kati ya wenyeji wa mahali tulipokwenda?

3. Ni familia ngapi katika Jumuiya yetu zenye hati ya ardhi au wosia ulioandikwa? Wanawake wametajwa?

4. Ni historia gani ya kijiji au mtaa wetu ambayo wageni hawasimuliwi, na kwa nini?